Nani Aliumia Aliposamehe? Huruma ya Kikristo katika Mabepari wa Venisi

Wengi wetu tunaosoma Kiswahili hukutana na Mabepari wa Venisi kama kitabu cha uchumi. Julius Nyerere alitoa tafsiri hii ya tamthilia ya Shakespeare mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, na kichwa alichokichagua kinatuelekeza huko. Kwa Kiingereza mfanyabiashara ni mmoja, naye ni Antonio. Kwa Kiswahili wamekuwa wengi, tena ni mabepari. Hivyo darasani tunajadili riba, faida na unyonyaji. Tukifika mahakamani tunasifu maneno mazuri ya Portia juu ya huruma, kisha tunafunga kitabu.

Makala haya yanazihoji sifa hizo. Hoja yangu ni kwamba huruma inayohubiriwa na Wakristo wa Venisi haiwagharimu chochote, na kwa kipimo cha dini yao wenyewe haijafika kuwa msamaha. Tena kasoro hiyo haianzi mahakamani. Inaanzia sokoni, katika mambo madogo ya kila siku.

Kipimo ninachokitumia nimekipata katika lugha ya nyumbani. Kwa Kinyarwanda, kubabara ni kuumia, na kubabarira ni kusamehe. Kinachoongezwa ni kiambishi cha kutendea, kama kile kinachotoa "pikia" katika "pika". Kwa umbo lake, basi, kusamehe ni kuumia kwa ajili ya mtu. Sidai kwamba kila Mnyarwanda anayetamka neno hili huifikiria maana hiyo. Ninalichukua kama swali tu: huyu aliyesamehe, ameumia wapi?

Swali hilo halipingani na Injili. Katika Mathayo sura ya 18, Petro anauliza amsamehe ndugu yake mara ngapi, naye Yesu anamjibu kwa mfano wa madeni. Mfalme anamfutia mtumwa wake talanta elfu kumi. Mtumwa huyo anatoka nje, anamkaba koo mwenzake kwa dinari mia. Tunapousimulia mfano huu tunamlaumu mtumwa na kumsahau mfalme. Lakini mfalme aliyefuta talanta elfu kumi amepoteza talanta elfu kumi. Msamaha wake una bei, na bei hiyo ameilipa yeye.

Sasa twende Venisi. Katika tendo la kwanza, Antonio anahitaji dukati elfu tatu ili rafiki yake Bassanio apate kwenda kumposa Portia. Anamwendea Shylock, Myahudi mkopeshaji. Kabla ya kutoa jibu, Shylock anamkumbusha yaliyopita: Antonio amemwita mbwa, amemtemea mate, amemtukana hadharani mahali pa biashara. Hapa ndipo pangekuwa mwanzo wa msamaha wowote. Neno moja la kujutia lingetosha kuonyesha kwamba Antonio amesikia. Yeye anajibu kwamba huenda akamwita hivyo tena, na kumtemea mate tena. Mtu anayeomba mkopo anaahidi matusi mapya!

Msomaji asinielewe vibaya. Antonio si mtu mbaya kwa kila mtu. Anakopesha bila riba, na yuko tayari kuhatarisha maisha yake kwa ajili ya rafiki. Upendo anao, ila unaishia mlangoni pa watu wake. Shylock naye si malaika. Anapokataa mara tatu ya fedha zake na kunoa kisu mbele ya mahakama, anataka kuua, na sheria imekuwa panga lake. Lakini alikwisha kueleza, katika tendo la tatu, kwamba kisasi amejifunza kwa kuwatazama Wakristo wanavyotenda wanapokosewa. Si utetezi wa kutosha, ila ni ushahidi.

Mahakamani Portia, aliyejigeuza mwanasheria, anamsihi Shylock awe na huruma. Maneno yake ni ya kweli, na si ajabu kwamba watu huyakariri. Ila tuangalie anayeambiwa ni nani. Ni mtu pekee katika chumba kile ambaye hakuna aliyewahi kumwonea huruma. Shylock mwenyewe anawakumbusha kwamba wana watumwa waliowanunua, nao hawawezi kukubali kuwaacha huru kwa kuwa wanawahesabu kuwa mali yao. Hakuna anayemjibu. Mahubiri yanaendelea kana kwamba swali halikuulizwa.

Kisha meza inageuka. Portia anaonyesha kwamba mkataba unataja ratili ya nyama, hautaji damu. Zaidi ya hayo, mgeni aliyekusudia kumuua raia anapoteza mali yake yote, nusu kwa aliyekusudiwa kuuawa na nusu kwa serikali, na uhai wake uko mikononi mwa Mtawala. Sasa ni zamu ya Wakristo. Mtawala anamwachia uhai kabla hajaombwa, na anasema fungu la serikali linaweza kupunguzwa likawa faini. Antonio anaomba hata faini hiyo ifutwe. Nusu yake mwenyewe ataishika na kuitumia, na Shylock atakapokufa itakwenda kwa Lorenzo, kijana aliyetoroka na Jessica, binti wa Shylock. Halafu anaweka masharti mawili: Shylock abatizwe, na aandike hati kwamba vyote atakavyoviacha atakapokufa vitakuwa vya Lorenzo na Jessica. Akikataa, Mtawala atauondoa msamaha wake.

Tuulize basi: nani ameumia? Serikali imekosa fungu ambalo asubuhi ile haikuwa nalo. Antonio amepata mtaji. Portia amerudi nyumbani akiwa mshindi. Anayeumia peke yake ni yule anayeambiwa amesamehewa. Anatoka akisema hajisikii vizuri, na hatumwoni tena.

Wapo watakaosema kwamba ninaipima karne ya 16 kwa macho ya leo. Uingereza iliwafukuza Wayahudi mwaka 1290, na watazamaji wengi wa Shakespeare hawakuwahi kuishi na jirani Myahudi. Kwao ubatizo ulikuwa mlango wa wokovu, na kumfungulia mtu mlango huo, hata kwa nguvu, kulikuwa wema. Hoja hii ina uzito. Lakini tamthilia yenyewe inaitilia shaka. Kabla ya kesi, mtumishi Launcelot anamtania Jessica kwamba Wayahudi wakizidi kufanywa Wakristo, bei ya nyama ya nguruwe itapanda. Mwandishi aliyeweka mzaha huo mbele ya ubatizo wa lazima hakutaka tuupokee ubatizo huo bila maswali.

Jambo jingine linaonekana katika tendo la mwisho. Bassanio aliahidi kutoivua pete ya mkewe, lakini ameitoa kumpa yule mwanasheria, asijue kwamba ni Portia. Portia anamtania, anamtesa kidogo, kisha anamsamehe. Ahadi imevunjwa, na hakuna faini wala hati. Antonio anasimama tena kuwa mdhamini wa rafiki yake, safari hii kwa roho yake. Kumbe watu hawa wanajua kusamehe! Wanajua kucheka, kulegeza, kuanza upya. Walichokosa ni kumhesabu Shylock miongoni mwa wanaostahili mambo hayo.

Katika nchi yangu neno "kusamehe" halitamkwi kwa wepesi. Mahakama za Gacaca, zilizofungwa rasmi mwaka 2012, zilimpunguzia adhabu mshtakiwa aliyekiri na kuomba msamaha mbele ya watu. Sitaki kulinganisha mauaji ya kimbari na kesi ya kubuni. Ninachokichukua ni jambo moja tu: tumezoea kujua kwamba msamaha una mwombaji, naye hutaja alichokifanya. Mahakama ya Venisi haina mwombaji wa namna hiyo. Shylock hakukiri kwa moyo. Antonio naye hakutaja mate yake hata mara moja. Kesi imekwisha, na kosa la kwanza halijasemwa.

Ningeweza kuishia hapa nikiwahukumu watu wa Venisi. Lakini nilipokuwa nikiyasoma masharti ya Antonio kwa mara ya pili, nilijikuta mimi mwenyewe ndani yake. Mwaka wa kwanza, mwenzangu wa chumbani alinikopa faranga 20,000 mama yake alipougua. Muhula ukaisha bila yeye kulipa. Jioni moja, tukiwa tunakula na wenzetu, nilimwambia kwa sauti kwamba nimemsamehe, asilipe. Wote walinisifu. Tangu siku ile, kila aliponunua soda nilihesabu moyoni. Nilipotaka anichotee maji, niliomba kama mtu anayedai. Baadaye aliacha kula nasi. Nilimwona hana shukrani.

Tulipomaliza kusoma tamthilia nilimfuata, nikamwambia nilimkosea siku ile mbele ya watu. Alinyamaza kidogo, akasema, "Pesa ningelipa. Ulichoninyima ni nafasi ya kulipa." Mwezi uliofuata aliniletea faranga 5,000. Nilitaka kuzikataa, nikakumbuka, nikazipokea. Zilizobaki alizimaliza kabla ya mitihani. Hatukurudi kuwa marafiki kama zamani, lakini sasa akinihitaji ananiita kwa jina langu, nami namwita kwa lake.

Kwa hiyo sisemi kwamba maneno ya Portia yaondolewe vitabuni. Yafundishwe, ila yafundishwe pamoja na onyesho la sokoni, kwa sababu lile ndilo linaloyapima. Nyerere alipoandika "Mabepari" kwa wingi, aliwaweka Antonio na Shylock katika kapu moja la biashara. Tukisoma kwa jicho la msamaha, tunawakuta humo humo: mmoja hataki kufuta deni, mwingine analifuta deni na kumchukua mdeni. Mfalme wa Mathayo hafanani na yeyote kati yao. Huyo aliikubali hasara. Nami sasa ninapomsikia mtu akisema amesamehe, na hasa ninapojisikia mimi nikisema hivyo, naliuliza neno la nyumbani: umeumia wapi?