Kamera ya Joto Haikamati Jangili

Januari 29, 2016, rubani Mwingereza Roger Gower aliuawa kwa risasi ndani ya helikopta akiwafuatilia majangili wa tembo katika Pori la Akiba Maswa, mkoani Simiyu. Wiki chache baadaye, mwezi Machi, askari wa Maasai Mara, Kenya, walianza kutumia kamera za joto za kampuni ya FLIR walizopewa na shirika la uhifadhi la WWF kwa ufadhili wa Google. Moja ilifungwa juu ya gari la doria. Hadi Novemba, zaidi ya majangili 20 walikuwa wamekamatwa kwa msaada wake.

Kamera hii haihitaji mwanga. Kila kitu hutoa mionzi kulingana na joto lake. Ngozi ya mtu, yenye nyuzi joto 33 hivi, hutoa zaidi mionzi yenye urefu wa wimbi wa mikromita 9.5 hivi. Kioo cha kawaida huizuia, ndiyo maana lenzi huchongwa kwa jemaniamu, na bei hupaa.

Penye mtego ni kwenye umbali. Chukua kamera ya kuzungushwa yenye pikseli 640 kwa upana, kila moja mikromita 17, na lenzi ya milimita 100. Mtu aliye umbali wa kilomita moja huwa doa la pikseli 3 kwa 10. Utajua kuna kiumbe kimesimama wima. Sura yake hutaijua. Na lenzi hiyo huona nyuzi 6.2 tu kati ya 360. Kumaliza duara kunahitaji vituo 58. Ukikaa sekunde 4 kwa kila kituo, zimepita karibu dakika 4, na mwenda kwa miguu ameshakata mita 300 nyuma yako. Ukivuta picha zaidi, unaona mbali lakini unaona kidogo.

Kule Maasai Mara, gari lilipunguza tatizo hilo: kamera ilipelekwa upande wa njia zinazotiliwa shaka badala ya kungoja usiku kucha mahali pamoja. Aliyeitazama skrini aliwaelekeza wenzake gizani mpaka walipo watuhumiwa. Waliokamata ni askari.

Mlingoti wenye kamera unafaa palipo na uzio, kama Hifadhi ya Ziwa Nakuru, ambako mstari wa kulinda unajulikana. Maswa haina uzio. Upande wa wilaya ya Itilima, kuanzia Mwamapalala hadi vijiji vya mpakani, usiku una ng'ombe, mbuzi na wakulima wanaokesha kulinda mazao dhidi ya tembo; mawe nayo hubaki na joto la jua saa kadhaa baada ya magharibi. Vyote hivyo ni madoa meupe kwenye skrini.

Kwa hiyo, Simiyu ikipata kamera moja, ifungwe kwenye gari lenye mafuta na redio, na mbele ya skrini akae askari wa kijiji anayezijua njia za pori.