Mitumba, Maadili na Hadhi ya Mvaaji: Uhakiki kutoka Kikuubo, Kampala

Agosti 2023, Rais Yoweri Museveni alipotangaza marufuku ya mitumba, alidai kuwa ni nguo za Wazungu waliokufa na kwamba zinadumaza viwanda vya nyumbani. Hoja ya pili ni ya kiuchumi, nayo inajadilika. Ya kwanza ni ya kimaadili, nayo humfedhehesha mvaaji. Katika uchochoro wa Kikuubo, karibu na Soko la Owino, mchukuzi asiyefahamika hupimwa kwa macho kabla ya kukabidhiwa mzigo. Kwake shati safi la mtumba si anasa, bali ni dhamana ya uaminifu. Sera inayokusudia kulinda kiwanda haina budi kueleza kwanza dhamana hiyo itapatikana wapi, na kwa bei gani.