Sifa za Mwokota Vigae

Mto Tana hauna adabu ya kufuata njia moja. Unatoka Nyandarua na Mlima Kenya, unakwenda karibu kilomita 1,000, na ukifika Garsen unakuta ardhi imelala tambarare kabisa, basi unaanza kutangatanga: unakata kona, unauacha mkondo wa zamani ukawa ziwa, unahamia shambani kwa mtu. Mpokomo wa huko aweza kukuonyesha shamba ambalo babu yake alililima ng'ambo hii na leo liko ng'ambo ile, wala halikuhama. Katika karne ya 19 ulichimbwa mfereji wa Belezoni kuuunganisha na Mto Ozi. Mto ukaupenda mfereji, ukaufanya njia yake kuu, na sasa unaingilia baharini Kipini. Kwa mtu anayetafuta vyombo vya kale, mto wa namna hii ni mwizi na mlinzi kwa pamoja. Mafuriko ya msimu mmoja hukifunika kijiji cha kale kwa tope. Ya msimu mwingine huubomoa ukingo na kutokeza vipande vya vyungu vya kijiji kingine, vimebaki vimeng'ang'ania udongo chini kabisa ya mizizi ya mwembe.

Kazi ya kuviokota vipande hivyo ndiyo ninayotaka kuisifu. Mfinyanzi amekwisha sifiwa, na kuhurumiwa pia, maana tangu zamani tunaambiwa mfinyanzi hulia gaeni. Lakini yuko mwingine anayekula kwa gae, naye ni mwanaakiolojia na vibarua wake, na hao hawana hata methali. Kazi yao haivutii macho. Ni mgongo ulioinama, jua la utosini, miiba ya mathenge, na mfuko wa vipande vilivyo sawa na kidole gumba, vingi vyeusi kwa masizi ya moto uliozimika karne nyingi kabla Mreno hajatia nanga.

Ukimtajia mtu ukusanyaji wa vyombo vya kale, mawazo yake hayaendi kwenye masizi. Huenda kwenye kauri. Na pwani yetu haikupungukiwa: mitungi mizito ya rangi ya feruzi kutoka Iraki na Uajemi, ya karne ya 8 hadi ya 10, seladoni ya kijani kibichi ya China, sahani nyeupe za maua ya buluu za enzi ya Ming. Waswahili wenyewe walikuwa wakusanyaji hodari kabla ya makumbusho yoyote. Walivipanga vyombo hivi kwenye zidaka za nyumba za mawe, wakavipachika kwenye chokaa ya makaburi yenye nguzo, ili hata maiti ajulikane kuwa alikuwa mtu wa watu. Nguzo ya Mambrui, kusini ya delta ya Tana, ilijulikana kwa mabakuli yake. Makaburi mengi ya aina hiyo leo yamebaki na vishimo vya mviringo tu. Mtu alikuja na kisu, akabandua.

Siwezi kusema simwelewi huyo mtu. Seladoni ni nzuri, na mkono hautaki kuiachia. Lakini tazama alichopata. Bakuli lililobanduliwa kaburini na kuwekwa kabatini linaweza kutuambia kwamba lilitengenezwa China, jambo ambalo tulikuwa tunalijua. Nani alilinunua, alimwekea nani, lilikaa juu ya tabaka lipi na chini ya lipi, yote hayo yalikuwa kwenye chokaa, na chokaa imeachwa nyuma. Ndiyo maana Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 inavihesabu vya kale vilivyomo ardhini kuwa mali ya taifa, na anayetaka kuchimba sharti apate kibali kwanza. Wapokomo hawahitaji kufundishwa uchungu wa kitu kilichoondolewa mahali pake: ngoma yao takatifu, ngadji, ilichukuliwa na maofisa wa kikoloni mwanzoni mwa karne ya 20, nayo iko katika hifadhi ya British Museum, London. Ngoma ikiondoka, ukimya wake husikika mji mzima. Gae likiondoka hakuna anayeshtuka, na hapo ndipo hatari yake.

Sasa nije kwenye gae lenyewe, lile lisilo na sura. Katika bonde la chini la Tana, na Wenje iliyo juu ya Garsen ukielekea Hola, hupatikana vipande vya vyungu vya udongo wa kahawia au mweusi, vilivyofinyangwa kwa mkono bila gurudumu, vikachomwa kwa moto wa wazi. Vingi ni vya vyungu vyenye shingo, na shingoni mfinyanzi amechora kwa kijiti, udongo ukiwa bado mbichi, safu ya pembetatu. Ndani ya pembetatu kuna mistari ya mshazari, wakati mwingine vitone. Basi. Hakuna rangi wala kioo juu yake. Mwanaakiolojia David Phillipson aliandika juu ya maeneo ya namna hii katika bonde la Tana ya chini mwaka 1979, na haikuwa habari ya kumfanya tajiri afungue mkoba.

Hadi wakati huo historia ya pwani ilikuwa inaandikwa kwa kauri na kwa mawe. James Kirkman alichimba Ungwana, mji ulioachwa karibu na Kipini, huko ambako watu husema shujaa Fumo Liongo amezikwa, katika miaka ya 1950. Alikuwa fundi makini, na misikiti na makaburi aliyapa tarehe kwa msaada wa vyombo vilivyotoka ng'ambo. Lakini magofu ya Gedi, katika kitabu chake cha mwaka 1954, aliyaita mji wa Kiarabu, kwenye jalada kabisa. Neville Chittick, aliyechimba Manda kuanzia 1966, alikuta vyombo vingi vya Ghuba ya Uajemi, vya karne ya 9, na akaona waasisi wa mji walitoka huko. Hawakuwa wajinga. Ukipima mji kwa kile kilichong'aa, utampa mji aliyeleta king'aacho.

Kisha katika miaka ya 1980 Mark Horton akachimba Shanga, kisiwani Pate, akashuka hadi chini kabisa, kwenye karne ya 8, kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa juu ya jingine. Alikuta mashimo ya nguzo za miti, nyumba za udongo, msikiti mdogo wa miti chini ya msikiti wa mawe. Na vyungu? Vya ng'ambo vilikuwa sehemu ndogo. Vilivyobaki, tabaka kwa tabaka, vilikuwa vya hapa hapa, na pembetatu zao shingoni. Akauita ufinyanzi huo kwa jina la mto: Tana. Vipande vyake vimeokotwa kuanzia visiwa vya Lamu hadi Unguja Ukuu, hadi Komoro, hadi Chibuene huko Msumbiji, na bara pia, mbali na harufu ya bahari. Waliojenga miji ile walikuwa na jamaa mashambani waliopika kwa chungu kile kile. Pembetatu zilizochorwa na mfinyanzi, ambaye kwa desturi ya pwani mpaka leo huenda alikuwa mwanamke, zilibadilisha sura ya kwanza ya vitabu vyetu vya historia.

Kazi yenyewe hufanywa hivi. Watu hujipanga mstari, kila mmoja hatua kadhaa kutoka kwa mwenzake, wakalivuka shamba polepole, macho chini. Kila gae huandikiwa lilipolala kabla halijainuliwa. Kwenye delta, jicho la kwanza huenda kwenye kingo za kipande: zikiwa zimelainika kama kokoto, mto umekiviringisha kutoka kwingine, na ushahidi wake ni wa mpita njia, zikiwa kali, chungu kilivunjikia karibu, na hapo panafaa kuchimbwa. Shimo huwa la mita moja kwa mita moja, likishuka sentimita 10 kwa 10 au kwa kufuata rangi ya udongo. Udongo wote hupitishwa kwenye chekeche. Mfuko wa kila tabaka hupewa kibandiko, na mfuko uliopoteza kibandiko chake ni takataka, hata uwe na nini ndani.

Kisha kuosha. Mswaki, karai la maji, kuanika kivulini. Ni kazi ya mchana mrefu, na ndipo mazungumzo mazuri hupigwa. Baada ya hapo kila kipande huandikwa namba yake kwa wino, kidogo kidogo, upande wa ndani usioharibu pambo, halafu hugawanywa: midomo huku, shingo huku, matumbo huku, vitako huku. Kipande cha mdomo ndicho chenye ukarimu kuliko vyote. Ukikisimamisha juu ya karatasi yenye duara zilizochorwa moja ndani ya nyingine, upinde wake utakaa sawa kwenye duara mojawapo, nawe kwa sentimita chache za udongo umepata upana wa mdomo wa chungu kizima: kilikuwa cha kuchotea, cha kupikia wali wa nyumba moja, au cha kupikia harusi. Ukivunja ncha ndogo utaona moyo wa udongo. Ukiwa mweusi katikati na mwekundu pembeni, moto ulikuwa wa haraka. Chembe za mchanga nazo huulizwa zimetoka wapi, kwa sababu mchanga ulioletwa na Tana kutoka milimani si sawa na mchanga wa ufukweni wenye vipande vya makombe.

Hata kuhesabu kuna ujanja wake. Mtungi mkubwa ukianguka hutoa vipande 100, kibakuli hutoa vitano. Anayehesabu vipande peke yake atadhani watu walikuwa wanakunywa tu bila kula. Kwa hiyo hupimwa uzito pia, na midomo huhesabiwa mbali.

Mafundi hawa, kama mafundi wote, wanagombana. Felix Chami, Mtanzania aliyechapisha utafiti wake wa pwani ya Tanzania mwaka 1994, hakulipenda jina la Tana. Alipendelea jina linaloeleza pambo, pembetatu zilizochorwa, maana kwake mizizi ya ufinyanzi huu iko kwa wakulima wahunzi wa mwanzo wa pwani ile, si kwenye mto wa kaskazini. Ugomvi ulikuwa mkali, na leo waandishi wengi huyaunga majina yote mawili kwa alama ya mkwaju, kama majirani waliogawana ukuta. Mimi ninafurahia jina la mto, kwa upendeleo mtupu. Lakini swali la Chami ni la haki: nani alifinyanga?

Ukisimama Garsen utaona kwa nini swali hilo ni gumu hapa kuliko kwingine. Kingoni yuko Mpokomo na migomba yake. Nyuma ya migomba yuko Muorma na ng'ombe wake wanaoteremka kunywa. Wasanye, wawindaji wa tangu zamani, wako msituni. Mswahili na Mbajuni wako mdomoni mwa mto. George Abungu, aliyekuja kuwa mkurugenzi mkuu wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, aliifanya delta na bonde hili kuwa somo la shahada yake ya uzamivu Cambridge mwishoni mwa miaka ya 1980, kuanzia mwaka 700 hadi 1890, na kilichomshughulisha ni hicho hicho: kupeana na kupokezana kati ya wa juu na wa chini ya mto. Chungu husafiri kwa mtumbwi. Pambo husafiri kwa macho. Ukiliona kwa jirani unaliiga jioni hiyo hiyo.

Mkono hausafiri kwa urahisi hivyo. Namna ya kuukanda udongo, kama utazungusha kamba za udongo moja juu ya nyingine au utachota bonge na kulivuta juu kwa vidole, mtu huipata kwa kukaa miaka karibu na mama yake au shangazi. Freda Nkirote M'Mbogori, katika kitabu chake cha mwaka 2015 kuhusu vyungu vya Tana vya pwani ya Kenya, aliliendea swali la wafinyanzi kwa njia hiyo, akifuata hatua za mikono badala ya kutosheka na michoro. Kamba mbili za udongo zilizoungana huacha mshono, na chungu hupenda kuvunjikia hapo. Mshono huo hausomwi kwenye kipande cha makumbusho chenye pembetatu safi, kilichokwisha pigwa picha na kuwekwa nyuma ya kioo. Husomwa kwenye vipande vya matumbo, vya kahawia, visivyo na alama, kwa makumi na kwa mamia. Ndiyo sababu mifuko ya vipande hivyo, iliyoandikwa shimo na tabaka, inastahili kubaki rafuni hata stoo ikijaa na mwenye ofisi akauliza kama haiwezi kupunguzwa.