Santuri ya Usiku

Mwezi wa Julai 2024 kundi la Kokoko! la Kinshasa lilitoa santuri yake ya pili. Jina lake ni «Butu», ndiyo kusema usiku kwa Kilingala. Huko Ulaya waandishi wa mambo ya muziki waliipokea kwa sifa. Nasi tumeisikiliza zaidi ya mara moja, maana nyimbo hizi husafiri katika simu mpaka kwetu milimani.

Sifa zile zina kasoro. Tangu «Fongola», santuri ya kwanza ya mwaka 2019, wageni wamezungumza hasa juu ya vyombo: makopo, chupa, vipande vya mashine mbovu vilivyogeuzwa ngoma na vinanda. Ni ustadi kweli. Lakini mtu asifiwaye kwa takataka alizookota bado hajasikilizwa. Hapa Masisi nani asiyemjua mtoto aliyejitengenezea gitaa kwa bati na waya wa breki ya baiskeli? Hatumsifu kwa bati. Twamwuliza kama anajua kupiga.

Basi, hawa wanajua? Wanajua. Katika «Butu» vinanda vya umeme, kazi ya Mfaransa aitwaye Débruit, vimepata nafasi kubwa kuliko makopo, wala hatuoni hasara. Makara Bianko huita, wengine huitikia, kama kwaya yenye mwalimu mkali. Wimbo wa kwanza, «Butu Ezo Ya», waingia na kelele za mji mpaka unaona giza lakaribia. Kwetu huo ndio bora. Baadaye mwendo ni ule ule wa haraka, maneno humezwa na mdundo, masikio huchoka. Wengine huita hiyo nguvu. Sisi twaita kukosa kupumua.

Tena kuna usiku wenyewe. Kinshasa usiku ni jenereta, baa, na makanisa ya maombi yanayoshindana kwa vipaza sauti. Mweso, tangu mabomu ya Januari 2024, kelele ikisikika gizani mama huhesabu watoto. Wimbo mmoja waitwa «Bazo Banga», yaani wanaogopa; tuliusikiliza kwa sauti ya chini, dirisha limefungwa. Hatuwalaumu wa Kinshasa kwa kucheza. Ila anayesema huu ndio usiku wa Kongo, ajue ni usiku wa mji mmoja, ulio mbali nasi zaidi ya kilomita 1,500.

Vijana wametuuliza kama ni dhambi kuisikiliza. Hapana. Waipige mchana.