Warithi: kitabu cha 1964 kilichonieleza kwa nini nilipata 7 kwa 20

Tuanze na karatasi. Miezi mitatu tangu nifike kusoma shahada ya umahiri ya fizikia katika chuo kikuu kimoja kikubwa cha umma nchini Ufaransa, nilirudishiwa ripoti ya maabara ya optiki. Kipimo changu kilikuwa sahihi. Grafu ilikuwa safi. Hatua za jaribio niliziandika moja baada ya nyingine kama nilivyofundishwa tangu kidato cha tatu. Alama: 7 kwa 20. Pembeni kulikuwa na maneno mawili ya wino mwekundu, "analyse insuffisante", yaani uchambuzi hautoshi. Basi. Nilirudi hosteli nikaisoma ripoti ile mara tatu nikitafuta nilipokosea, na sikupaona.

Mwaka uliofuata, jirani yangu wa hosteli anayesoma sosholojia alinisikia jikoni nikisimulia kisa hiki kwa mara ya kumi hivi, akachoka, akaenda chumbani kwake akarudi na kitabu chembamba. Les Héritiers, "Warithi", cha Pierre Bourdieu na Jean-Claude Passeron, kilichotolewa na Éditions de Minuit mwaka 1964. Najua hapa umezoea kutusoma tukiandika juu ya nyota na bakteria. Nivumilie leo. Sosholojia nayo ni sayansi, na kitabu hiki kina majedwali ya kumtosha mtu yeyote wa maabara.

Kinaanza na hesabu rahisi. Katika Ufaransa ya wakati ule, mtoto wa kibarua wa shambani alikuwa na nafasi chini ya 1 kati ya 100 ya kuingia chuo kikuu. Mtoto wa daktari au mwanasheria alikuwa na zaidi ya 80. Hilo pengine hulishangai, hata kwetu tungekisia hivyo. Linalouma ni swali linalofuata: je, yule mmoja aliyepenya, akishakaa kwenye ukumbi uleule na kumsikiliza profesa yuleyule, sasa wako sawa? Bourdieu na Passeron wanajibu hapana, na wanakwenda mbali zaidi. Wanasema chuo kinamdhulumu kwa kumtendea sawasawa na wenzake. Kinampa mhadhara uleule na mtihani uleule, kisha kinapima vitu ambavyo hakijawahi kuvifundisha: namna ya kuzungumza, kujua tamthilia na muziki ambao haupo kwenye mtaala, ule wepesi wa kucheza na wazo bila kuonekana unahangaika. Aliyeyakuta hayo nyumbani anaonekana ana kipaji. Asiyeyakuta anaonekana mzito. Na kwa kuwa mtihani ulikuwa mmoja kwa wote, hata yeye mwenyewe anakubali kwamba ni mzito.

Nilipofika hapo nilikifunga kitabu nikatoka nje kutembea kidogo.

Sasa niseme ninapogombana nacho. Kwanza, kimeandikwa kwa Kifaransa kigumu. Sentensi inaanza juu ya ukurasa na unakutana na kitenzi chake umeshasahau nani alikuwa anafanya nini. Kitabu kinacholalamika kwamba maprofesa huongea lugha isiyowafikia wanafunzi kingeweza kujionea huruma kidogo. (Mwaka 1965 wawili hao, pamoja na Monique de Saint Martin, walitoa utafiti mwingine juu ya jambo hilohilo: wanafunzi wengi walikuwa wakitumia maneno ya kitaaluma wasiyoyaelewa, na pande zote mbili zikijifanya hakuna tatizo. Huo nao si mwepesi kuusoma.)

Pili, kinawaangalia zaidi wanafunzi wa falsafa, fasihi na sosholojia. Mtu wa fizikia anaweza kujifariji kwamba huku kwetu mlinganyo ni mlinganyo, haujali baba yako alikuwa nani. Mimi nilijifariji hivyo hadi ile 7. Kumbe nilitakiwa kutoiandika hatua hata moja iliyokwishachapishwa kwenye karatasi ya maelekezo, na badala yake nijadili makosa ya kipimo yametoka wapi, yana ukubwa gani, na kama nadharia inastahimili. Kwao hiyo ndiyo ripoti. Kwetu mwalimu alitoa alama kwa lengo, vifaa, hatua, matokeo, hitimisho, kwa mpangilio huohuo, na ukiruka "vifaa" umekatwa. Hakuna aliyekuwa mjinga kati yetu wawili. Ila mmoja ndiye aliyeshika kalamu nyekundu.

Ninapoona kitabu kinapungukiwa hasa ni hapa. Mrithi wao ni mrithi popote alipo: wanatazama kazi ya baba, wanamweka mtoto kwenye safu ya jedwali, na anabaki humo. Mimi baba yangu ni mwalimu wa sekondari, Morogoro. Nilipokuwa shahada ya kwanza kule nyumbani, nilikuwa mrithi kamili bila kujijua. Kiingereza nilikikuta sebuleni. Kubisha hodi ofisini kwa mhadhiri na kumwambia "samahani Dokta, sijaelewa" hakukunitoa jasho, maana nilikua nikiwaona walimu wakinywa chai kwetu. Mwenzangu wa chumba alitoka kijijini Singida, wa kwanza kwao kufika chuo. Hesabu alikuwa ananizidi, nasema kweli. Lakini kuingia ofisi ya mhadhiri hakuthubutu, alisubiri aitwe. Alipata sapu mbili, kisha nyingine, na mwisho wa mwaka wa pili akadisko. Niliwaambia watu kwamba jamaa hakuwa makini, bumu likiingia anatuma nusu nyumbani kisha anazunguka kutafuta vibarua. Nilisema hivyo miaka mingi.

Ilibidi nivuke bahari niwe mimi wa Singida ndipo nielewe. Urithi wangu ulikwama mpakani. Ule wepesi wangu wa kubisha hodi haukunisaidia, kwa sababu sikujua mlango ni upi: katika chuo chenye makumi ya maelfu ya wanafunzi, anayetoa mhadhara kwenye ukumbi mkubwa, anayesimamia kikundi cha mazoezi na anayesahihisha wanaweza kuwa watu watatu tofauti. Hata alama sikujua kuzisoma. Nilipopata 12 kwa mara ya kwanza nilihuzunika kama aliyefeli, hadi nilipoambiwa kwamba 10 ni kufaulu, 12 ni vizuri kiasi, 14 ni vizuri, na 16 ni vizuri sana. 20 usiiwaze. Bourdieu na Passeron hawana safu ya mtu ambaye kwao ni mtoto wa sebuleni na ugenini ni mtoto wa shambani. Leo vyuo na taasisi za elimu ya juu za Ufaransa zina wanafunzi wa kigeni zaidi ya 400,000. Jedwali linahitaji safu hiyo.

Na tunapozungumziwa, tunazungumziwa kwa bei. Novemba 2018 serikali ilitangaza mpango ulioitwa "Bienvenue en France", Karibu Ufaransa, ambao chini yake ada ya shahada ya umahiri kwa sisi tunaotoka nje ya Ulaya ilipanda kutoka euro 243 hadi 3,770. Karibu kweli. Oktoba 2019 Baraza la Katiba likaamua kwamba elimu ya juu ya umma ni bure kimsingi, ingawa ada ndogo inaruhusiwa. Mwaka 2020 mahakama ya juu ya utawala ikaona viwango vipya havivunji sheria. Vyuo vingi vilitumia ruhusa yao ya kusamehe wanafunzi, na mimi nilikuwa mmoja wa waliosamehewa, nashukuru. Mjadala huo ni wa haki na usiachwe. Ila angalia: katika kelele zote zile, aliyelipa 243 na aliyelipa 3,770 waliingia kwenye maabara ileile ambayo hakuna aliyewaambia ripoti ni nini.

Kurasa ninazozipenda ni za mwisho. Watu wengi hukikumbuka kitabu hiki kama shutuma tu, lakini kinaishia na pendekezo, wanaloliita ufundishaji wa kiakili: kila unachokipima, kwanza kiseme wazi na kifundishe. Hawakuliendeleza sana, na hapo nawalaumu, kwa sababu ndilo jambo pekee ambalo mtu kama mimi anaweza kulifanya Jumatatu asubuhi.

Maana sasa niko upande wa pili. Nafanya utafiti wa udaktari, na saa 64 kwa mwaka nafundisha vikundi vya mazoezi vya mwaka wa kwanza. Muhula uliopita kijana mmoja kutoka Guinea alinifuata baada ya kipindi, ripoti mkononi, akaniuliza kwa adabu: uchambuzi ni nini? Nikaitazama karatasi. Mwandiko mwekundu ulikuwa wangu. "Analyse insuffisante." Nilianza kumjibu, "Si unajua, yaani uchambue..." nikanyamaza. Tuliketi nusu saa na ripoti moja iliyopata 15, nikamwonyesha kwa kidole sentensi gani imempa nani alama gani. Siku hizi karatasi hiyo naigawa wiki ya kwanza, kwa wote, hata Wafaransa. Wanaoichukua haraka kuliko wote ni hao hao Wafaransa, wale wa shule za pembezoni.

Kitabu hakipo kwa Kiswahili. Kurasa tatu za hitimisho nilizitafsiri mwenyewe, ovyoovyo, nikazituma WhatsApp kwa yule mwenzangu wa chumba, ambaye sasa ana duka la pembejeo kwao. Alizisoma usiku uleule. Asubuhi nikakuta swali moja: "Hao jamaa wenyewe waliwahi kupata sapu?"

Nikamwandikia kwamba Bourdieu alikuwa mtoto wa mfanyakazi wa posta kijijini, lakini sapu, nadhani hapana. Akatuma kicheko, kisha ananiuliza bei ya mbolea huku.