Ramani Imesema Pwani Shwari. Na Nyumba Yako Je?

Agosti 12, 2020, saa 2 usiku na dakika chache, simu ya mama iliita huku kwetu Ntalikwa, Tabora. Alikuwa mdogo wangu, aliyepanga chumba ghorofa ya nne Kariakoo. "Mama, nyumba imeyumba! Tumeshuka wote, tuko barabarani." Mama hakusita: "Rudi nyumbani mwanangu. Huku ardhi haichezi."

Mimi nikajifanya msomi. Nikafungua ramani ya matetemeko kwenye simu, nikamwambia dogo: "Tulia bwana, Dar imepakwa rangi ya eneo salama." Leo nataka kuihakiki ramani ile, na pia namna nilivyoisoma, maana naona bado wengi tunaisoma hivyo hivyo.

Kwanza tuipe haki yake. Ilitolewa mwaka 1999 na mpango wa kimataifa uitwao GSHAP. Imepaka rangi kali kando ya bonde la ufa, na rangi tulivu kadiri unavyosogea pwani. Hilo lina msingi. Desemba 13, 1910 eneo la Rukwa lilipigwa na tetemeko lenye ukubwa wa zaidi ya 7, mojawapo ya makubwa kabisa kuwahi kupimwa Afrika. Hata mama ana hoja yake: Tabora imekaa juu ya kratoni, yaani pande kongwe la miamba migumu lenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Bonde la ufa halikulipasua, lililizunguka: tawi moja mashariki, jingine magharibi.

Sasa tuulize, rangi zile zinapima nini hasa? Zinaonyesha kiwango cha mtikisiko chenye uwezekano wa asilimia 10 wa kuzidiwa ndani ya miaka 50. Soma tena taratibu. Rangi tulivu maana yake ni kwamba kiwango hicho ni kidogo. Haisemi kwamba hakuna tetemeko litakalokizidi. Na hesabu yenyewe inategemea kumbukumbu za vipimo vya miaka mia moja na kitu tu, wakati ufa mmoja unaweza kukaa kimya kwa karne nyingi. Tena ufa hauishii nchi kavu. Chini ya bahari, kusini mwa Tanzania na upande wa Msumbiji, kuna mabonde ya Kerimba na Lacerda, ambako ardhi bado inavutwa. Tetemeko lile la 2020 lilianzia baharini, kusini mashariki mwa Dar, likiwa na ukubwa wa karibu 6.

Kasoro ya pili: ramani imechukulia kwamba umejenga juu ya mwamba au ardhi ngumu. Dar es Salaam ina sehemu nyingi za mchanga, na mabonde ya matope kama Msimbazi. Udongo laini huweza kukuza mtikisiko mara kadhaa. Mfano wake mkubwa ni jiji la Mexico, Septemba 19, 1985. Tetemeko lilianzia pwani, zaidi ya kilomita 300 kutoka jijini, lakini maelfu ya watu walikufa huko jijini, kwa sababu sehemu kubwa yake imejengwa juu ya matope ya ziwa la kale.

Ila kasoro ninayoiona kubwa kuliko zote ni yetu sisi wasomaji. Tunachanganya tishio na hatari. Tishio ni kile ardhi inachoweza kufanya. Hatari ni kile kitakachowapata watu, na hapo lazima uhesabu wako wangapi na wanalala ndani ya nini. Mwaka 2018 shirika la GEM lilitoa ramani mbili za dunia, moja ya tishio na nyingine ya hatari, ili watu waone kwamba hazifanani. Sisi kwenye vyombo vya habari bado tunatangaza namba moja tu, ya Rikta.

Iangalie hiyo namba. Septemba 10, 2016 Kagera ilipigwa na tetemeko la 5.9. Walikufa watu wasiopungua 17, mamia ya nyumba yakaanguka, na shule ya Ihungo ikaharibika vibaya. La Dar 2020 lilikuwa na ukubwa karibu uleule, na halikuripotiwa kuua mtu. Tofauti ni nini? Ukubwa ni nguvu ya ngoma pale inapopigwa. Ukali ni jinsi inavyokufikia ulipo. Kagera ngoma ilipigwa jirani na nyumba za watu, nyingi zikiwa za matofali yasiyo na nondo. Dar ilipigwa mbali baharini. Tulinusurika kwa umbali, wala tusijisifu kwamba ni uimara wa majengo.

Maana majengo yetu tunayajua. Machi 2013 ghorofa lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi lilianguka na kuua watu zaidi ya 30. Novemba 16, 2024 jengo la Kariakoo lilianguka na kuua zaidi ya 20. Siku zote mbili ardhi ilikuwa imetulia tuli. Je, ingetikisika kidogo tu?

Kwa hiyo dogo, nafuta nilichokwambia usiku ule. Mpangaji huwezi kubomoa nguzo za mwenye nyumba, lakini unaweza kuuliza kama ghorofa za juu ziliongezwa baadaye, na kama kuna nguzo iliyoondolewa ili kupanua duka la chini. Kabati refu lifunge ukutani au lisogeze mbali na kitanda. Likianza kutikisika, ingia chini ya meza imara, kinga kichwa, usikimbilie ngazi wala lifti. Na ukiwa ufukweni, mtikisiko ukawa mkali au mrefu, panda sehemu ya juu bila kusubiri tangazo.

Na wewe mama, mwamba wako ni mgumu kweli. Ila nyumba yetu ni ya matofali ya tope, na mitikisiko ya bonde la ufa husafiri. Likizo hii nikija, tutaanza na ule ukuta wa jikoni wenye ufa.