Kusubu na Kufua: Uhakiki wa Sanamu za Wangechi Mutu kwa Kigezo cha Ukanda wa Dhahabu wa Geita

Septemba 2019, sanamu nne za shaba nyeusi za Wangechi Mutu, msanii aliyezaliwa Nairobi mwaka 1972, zilisimikwa katika vishubaka vya ukuta wa mbele wa Jumba la Makumbusho la Metropolitan, New York. Vishubaka hivyo vilikuwa vitupu tangu mwaka 1902. Sanamu hizo, The Seated I hadi IV, zimehakikiwa zaidi kimaudhui: mwanamke aliyeketi bila kubeba mzigo wa mwingine. Usomaji huo ni sahihi, lakini unaiacha metali yenyewe bila kuhakikiwa.

Kiswahili kinatofautisha kufua na kusubu. Warongo, wahunzi wa Geita na Uzinza, walifua. Chuma chao hakikumiminwa. Kilitoka tanuuni kikiwa bonge, kikapigwa nyundo hadi kikawa jembe. Katika kusubu, metali humiminwa kwenye kalibu na kuchukua umbo la kitu kilichokwisha kuondoka. Katika mbinu ya nta, kielelezo huyeyuka kabla ya shaba kuingia. Mantiki hiyo si ngeni kwa wachimbaji wadogo wa Geita na Shinyanga. Mbale husagwa kwenye karasha, dhahabu hunaswa kwa zebaki, zebaki huchomwa, kisha dhahabu, inayoyeyuka kwenye nyuzi joto 1,064 za Selsiasi, humiminwa. Kipande kinachopatikana hung'aa bila kuonyesha moshi uliovutwa na mchomaji.

Kwa kigezo hicho, sanamu za Mutu zinabeba mgogoro. Mizunguko inayofunika miili yao huhifadhi kumbukumbu ya mkono, kama alama za nyundo kwenye jembe. Kinyume chake, sahani zilizong'arishwa vichwani humrudishia mtazamaji mwanga, zikificha tanuri na waliosubu. Mgogoro huo si udhaifu. Nyuso hizo mbili, zikiwa kwenye mwili mmoja, zinaibua swali ambalo kipande cha dhahabu hulinyamazia.

Kwa hiyo, uhakiki wa sanamu za metali Afrika Mashariki hauna sababu ya kuanzia kwenye madai kwamba eneo hili halina jadi kama ya Benin. Unaweza kuanzia kwenye matanuri ya Geita, kwa kuuliza ni nini kilichotoweka ili umbo lipatikane, na ni nani aliyevuta moshi wake.